Mkono Ndani ya Kinu

Mtaani Songo, mjini Uvira, katika karakana ya Gaspard, fundi wa kushona sare za shule, kila saa kumi ya alasiri cherehani zilisukumwa hadi ukutani. Vipande vya kitambaa cha buluu vilifagiliwa, milango ikafunguliwa upepo wa ziwa uingie, na sakafu ya saruji ikageuka kuwa uwanja wa salsa. Gaspard alijifunza kucheza kule Bujumbura, miaka aliyofanya kazi jikoni katika hoteli moja. Aliporudi Uvira alirudi na cherehani ya mguu na mapenzi hayo ya salsa ambayo hayakumtoka tena. Alimfundisha yeyote aliyefika na viatu safi.

Olive alifika akiwa na miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari mwaka uliotangulia. Mgongo wake ulinyooka, kiuno kilikuwa chepesi, na aliweza kuzunguka mara tatu bila kupepesuka. Kilichomshinda ni kunyamaza. Salsa huhesabiwa hadi nane, lakini mguu hukanyaga mara sita tu: moja, mbili, tatu, kisha kimya, tano, sita, saba, kisha kimya. Olive alikulia ndani ya korali ya kanisa, ambako makofi hayaruki hata pigo moja. Nne ilipofika, mguu wake ulishuka wenyewe.

"Nne!" Gaspard alipiga mkasi juu ya meza. "Umekanyaga nne tena, mama! Nne si yako!"

"Sasa ni ya nani, Mwalimu?"

Gaspard akakuna kichwa. "Hiyo minye sijue. Ninajua tu si yako."

Aliyeumia zaidi ni Pitchou, dereva wa pikipiki aliyekuwa akicheza naye. "Mwalimu, uniruhusu kofia ya pikipiki niivae mguuni," alisema akishika vidole. "Hapa kichwa changu hakiko mu hatari."

"Weye nyamaza," Olive alimjibu. "Miguu yako iko mikubwa kama mitumbwi, nitaikosa namna gani?"

Wakacheka wote, lakini Gaspard hakuwaacha. Alichukua chaki yake ya kushonea, akachora duara mbili nyeupe sakafuni, moja ya nne, moja ya nane, akamwambia Olive asizikanyage. Kila jioni Olive alirudi nyumbani na unga mweupe kwenye nyayo.

Katika kikundi cha Gaspard kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Kabla ya kucheza mbele ya watu, mchezaji alisimama, akataja waliompa miguu. Gaspard mwenyewe kila mara alimtaja Luc, mpishi wa Bujumbura aliyemfundisha hatua za kwanza katikati ya sufuria. "Muntu anayesema amejifunza peke yake," alikuwa akisema, "huyo bado hajajifunza."

Mwezi wa nane vijana wa mji wangekuwa na tamasha, na Gaspard aliamua kwamba Olive na Pitchou ndio watakaosimama kwa niaba ya kikundi. Olive alikimbia hadi nyumbani na habari hiyo. Mama yake, Apollinarie, alikuwa anakunja vitenge alivyotoka navyo sokoni. Alikuwa kiongozi wa korali, mwanamke wa maneno machache, mwenye kidole kimoja cha mkono wa kulia kilichopinda kama ndoano. Olive hakuwahi kuambiwa kilipindaje, na mama yake hakupenda kuulizwa.

"Salsa," mama akasema. "Mikono ya mwanaume kiunoni mwa mtoto wangu, mbele ya mji mzima."

"Ni mkono mgongoni, mama, si kiunoni. Na ni Pitchou tu."

"Pitchou hana mikono?"

Olive akamsogezea kitenge kilichobaki.

Mama akaweka kitenge cha mwisho juu ya vingine, akakinyoosha kwa kile kidole. "Nitakuja. Nitakuja na wamama wa korali, tuone na macho yetu. Nikiona kazi, nitanyamaza. Nikiona ovyo na aibu, mambo ya salsa yamekwisha mu nyumba hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Usiku huo Olive hakuogopa mkono wa Pitchou. Aliogopa nne. Mama yake alikuwa na sikio ambalo lilimtambua mwimbaji mmoja aliyeteleza kati ya arobaini. Ovyo angeiona tu.

Mwezi wa sita ulipofika, Olive alikwenda kijijini Bwegera kumsaidia bibi yake kuvuna. Bibi huyo, mama wa mama yake, aliitwa Pélagie, lakini kijiji kizima kilimwita Koko. Mpunga wa Koko ulikwenda kwenye mashine kama wa watu wengine wote, isipokuwa ule wa kwanza. Katika ukoo wao, mpunga wa kwanza wa mavuno haukupitia mashine. Wanawake watatu wa nyumba waliutwanga kwa michi mitatu katika kinu kimoja, na mwenye umri mkubwa kuliko wote alikaa chini kando ya kinu. Mwaka huo walisimama mama mdogo Mapendo, Noella mke wa mjomba, na, kwa mara ya kwanza, Olive. Koko akakaa juu ya kigoda.

"Mapendo ni moja," Koko akapanga. "Noella mbili. Olive tatu."

Wakaanza. Du, du, du. Olive aliona raha, mchi ulikuwa mwepesi mikononi, mabega yalijua kazi. Du, du, du. Akaona nafasi tupu mbele yake, na kwa mazoea ya maisha yake yote akauinua mchi kuijaza.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya wanawake watatu kwa pamoja. Mchi wa Olive ulibaki hewani. Akatazama chini. Mkono wa Koko, mwembamba, wenye mishipa, ulikuwa ndani ya kinu, unageuza mpunga ili wa chini uje juu.

Koko hakuutoa haraka. Aligeuza mpunga wake, akautoa mkono, akaupangusa kwenye kitenge. Kisha akamtazama mjukuu wake.

"Moja ya Mapendo. Mbili ya Noella. Tatu yako. Nne ni ya mkono wangu."

Olive aliushusha mchi taratibu kando ya kinu. Nne ni ya nani, Mwalimu? Alimuuliza fundi wa Songo miezi mitatu mizima, na jibu lilikuwa limekaa hapa Bwegera juu ya kigoda.

"Koko," akasema polepole, "kumbe ile nafasi si tupu."

"Tupu namna gani? Muntu iko mule ndani!" Koko akacheka, akaonyesha fizi. Kisha kicheko kikapungua. "Muulize mama yako."

"Mama? Nimuulize nini?"

"Kidole."

Ndipo alipoambiwa. Mwaka mmoja Koko alilala na homa, na Apollinarie, akiwa na miaka kumi na miwili, aliwekwa kugeuza mpunga mahali pake, maana wakubwa walishika michi. Dada yake Agnès alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Akapiga tatu, akapiga na nne. Apollinarie hakulia kwa sauti, alikaa tu akiangalia kidole. Mwaka uliofuata waliogopa kumuita, lakini alikuja mwenyewe, akakaa palepale kando ya kinu, akaanza kuimba hesabu ili kila mtu ajue zamu yake. Aliimba hivyo kila mavuno hadi alipoolewa.

"Sauti ile mnayoisikia kanisani Uvira," Koko akasema, "ilitoka hapa, mu kinu hiki."

Walitwanga hadi jua likapanda. Olive hakukosea tena. Kila baada ya tatu aliusimamisha mchi, mwili ukangoja, na ndani ya kule kungoja mkono wa mtu aliyempenda ulipita salama. Hakuwahi kujua kwamba kungoja kuna utamu wake.

Aliporudi Songo, Gaspard alimtazama akicheza wimbo mzima bila kuugusa mkasi. Mwishoni aliinama, akafuta duara zake za chaki kwa kitambaa.

"Nani amekufundisha?"

"Bibi yangu, Mwalimu. Na kinu."

"Kinu?" Pitchou akavihesabu vidole vya mguu, akavikuta vyote vizima. "Kinu hicho kiheshimiwe."

Siku ya tamasha, vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya mji, na ziwa nyuma ya ukumbi liling'aa kama bati jipya. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mstari wa tatu walikaa wamama wanne wa korali, vilemba vya rangi moja, na katikati yao Apollinarie, mikono mapajani. Olive alipanda jukwaani na gauni jekundu ambalo Gaspard alilishona kwa siku nne, akalifumua na kulishona upya kwa sababu pindo lilikuwa limepotoka kidogo mahali ambapo hakuna ambaye angepaona.

Akapewa kipaza sauti ataje waliompa miguu. Usiku wote alikuwa amepanga majina. Lakini sasa alimwona mama yake, alama zote za heshima ya kanisa zikiwa zimemzunguka, akaogopa. Angemtaja vipi kiongozi wa korali kwamba ndiye aliyempa binti yake miguu ya salsa? Na angemtajaje Koko bila kufika kwenye kidole?

"Miguu yangu nilipewa na Mwalimu Gaspard," akasema haraka, akarudisha kipaza sauti.

Gaspard, aliyesimama kando, akatikisa kichwa taratibu. Alijua kwamba orodha haijaisha.

Muziki ukaanza. Moja, mbili, tatu, kimya. Mkono wa Pitchou ulitua mgongoni pake, juu kabisa, kwa adabu kama anashika Biblia. Olive akazunguka, gauni likafunguka, watu wakapiga kelele. Kisha watu wa Uvira wakafanya kile wanachofanya wakifurahi: wakapiga makofi. Walipiga kama kanisani, bila kuruka hata pigo moja. Moja, mbili, tatu, NNE. Watu mia tatu walikuwa wanaikanyaga nne, na mwili wa Olive ulikuwa umezaliwa ndani ya makofi hayo. Mguu wake ukashuka nusu. Pitchou akauona, jasho likamtoka.

"Olive," akanong'ona, "usiende nao. Olive!"

Ndipo alipozunguka akauona mstari wa tatu. Wamama wanne walikuwa wanapiga makofi kama watu wote. Wa tano alipiga moja, akapiga mbili, akapiga tatu, na ilipofika nne mkono wake wa kulia, ule wa kidole kilichopinda, ulishuka mbele yake, ukageuka, ukapanda. Ulishuka tena. Ukageuza mpunga ambao haukuwapo. Apollinarie alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa benchi, macho yamemkazia binti yake, midomo inaimba hesabu.

Olive aliacha kuyasikia makofi. Kila nne ilipofika, kulikuwa na mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili ndani ya kinu, na yeye aliusimamisha mguu juu yake, akangoja upite. Alicheza hivyo hadi mwisho. Alicheza vizuri kuliko siku yoyote, na wale waliokuwa madirishani wanasema hadi leo kwamba pale aliposimama bila kukanyaga ndipo walipojikuta wanavuta pumzi.

Wimbo ulipokwisha, ukumbi ulisimama. Olive hakuinama kusalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kipaza sauti.

"Nilidanganya," akasema, akihema. "Si uongo mkubwa. Nilikata orodha. Miguu hii nilipewa na Mwalimu Gaspard, aliyenionyesha kosa langu na hakunichoka. Nilipewa na Pitchou, aliyeumizwa na kosa hilo." Watu wakacheka, Pitchou akainua mguu mmoja waone. "Nilipewa na Koko wangu Pélagie, wa Bwegera. Na nilipewa na mama yangu, Apollinarie wa korali. Yule pale. Mama, samahani, nimekutaja."

Vichwa vyote vikageuka. Apollinarie alitazama mikono yake mapajani, na Olive akafikiri, basi, nimemaliza mambo yangu mwenyewe kwa mdomo wangu. Kisha mama yake akasimama. Alikirekebisha kilemba, akauinua mkono wa kulia juu, wazi, na kile kidole kilichopinda ambacho alikuwa akikificha ndani ya vitenge miaka yote kikaonekana na ukumbi mzima. Vigelegele vilianza kwa wamama wa korali na kuenea hadi barabarani.

Nje, kwenye mwanga wa saa kumi na moja, Gaspard alimsogelea mama huyo, kofia mkononi.

"Mama, sikujua unajua salsa."

"Salsa yenu minye sijue." Apollinarie alikuwa anapangusa uso wa binti yake kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto mdogo. "Niliona tu huyu anataka kumvunja mtu mkono."

Akaukunja ule ukingo wa kitenge, akamtazama Pitchou kuanzia viatu hadi kichwani.

"Na weye, mwezi wa sita utakuja Bwegera na sisi, kwenye kinu. Mgongo wake unaushika vizuri, lakini mabega yako yana haraka."