Mstari wa Chokaa

Dobi aliinua kwapa la traksuti ya Mwenyekiti, akalinusa. Marashi. Akanusa kwapa la pili, akapindua kola, akapitisha kidole kwenye mpira wa kiuno. Marashi tena, na vumbi kidogo la kiti cha gari. Mwaka wa pili huu traksuti hiyo inaletwa kila Jumatatu kupigwa pasi, na haijawahi kuonja jasho.

"Na huyu ndiye anayetuhimiza tufanye mazoezi," alisema, akaibwaga mezani.

"Kazi yako pasi, si pua," mkewe akamjibu kutoka kwenye beseni.

Lakini ni pua hiyo iliyomfundisha Dobi walimwengu. Miaka ishirini na tisa ya kufua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima ilimtosha kujua nani anatoka jasho na nani anawatoa wenzake jasho. Kamati ya mbio ilikuwa na watu saba. Mashati yote saba yalipita mezani kwake, na yote saba yalikuwa safi makwapani kama yalivyotoka dukani.

Kamati! Wazo la mbio lilikuwa lake, hilo halina ubishi. Aliandika barua kwa mkono wake, akaipeleka ofisi ya mtaa, na wiki haikuisha wazo likawa na Mwenyekiti, Katibu na wajumbe, na mwenye wazo akaambiwa yeye ni mtu wa vifaa. Wakakaa vikao kumi na kimoja. Vinne vilikuwa vya rangi ya fulana. Viwili vya nani akae kulia kwa mgeni rasmi. Kimoja kizima, kuanzia chai ya kwanza hadi ya mwisho, kilijadili kama picha ya Mwenyekiti ikae kifuani au mgongoni, wakaafikiana ikae kote kuwili. Urefu wa mbio ulichukua muda wa kutafuna biskuti.

"Kilomita kumi, basi," alisema Mwenyekiti. "Dobi atapima. Si ndiye anayependa mambo hayo?"

Wakacheka, meno yote nje. Katibu akaandika kwamba kikao kilicheka.

Dobi akapima. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la baiskeli, akaazima futi ya kamba kwa fundi cherehani, akapata mita mbili na sentimita kumi kwa mzunguko mmoja. Kisha alfajiri tatu mfululizo akaikokota baiskeli barabarani, akihesabu kila kitambaa kilipogusa chini. Kila mizunguko mia, kifungo kimoja cha shati kilihama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia; vifungo vilivyoanguka kwenye nguo za watu anavyo kopo zima. Vifungo ishirini na tatu, na mizunguko themanini na mmoja juu yake: kilomita tano. Mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ilikuja palepale, karibu na kalavati, mbele ya ukuta wa kiwanda cha matofali. Akapiga mstari wa chokaa kuikata barabara. Hapo lingewekwa pipa, wakimbiaji walizunguke na kurudi walikotoka.

Ajitese hivyo kwa nini? Kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na minne, goti moja bovu, na jambo moja tu alilolitaka duniani kwa ajili yake mwenyewe: kukimbia kilomita kumi chini ya saa moja. Mara moja tu. Ziwe za kweli, zilizopimwa. Peke yake aliwahi kufika saa moja na dakika moja, akafika tena, akakwama hapo. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza lile goti akamwambia limebakiza msimu mmoja, tena kwa hisani. Na Dobi alijijua. Akikimbia peke yake, kilomita ya nane humlegeza. Alihitaji watu mbele yake, migongo ya kuichukia.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa dharau. Aliwadharau wanaolala mpaka jua linawachoma, aliwadharau wanaokimbia wiki moja ya mwaka mpya kisha kimya, na waliovaa viatu vya mbio kwenda sokoni ndio hakutaka hata kuwasikia. Dharau ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani miaka minne sasa. Dharau, na kaptula. Kila jioni, pasi ikiwa imebakiza moto wa mwisho, aliipiga kaptula yake ya kukimbilia mpaka mstari ukasimama, akaitundika msumarini mlangoni. Asubuhi hakuweza kuiona imenyooka vile akarudi kulala.

"Kaptula ya kukimbilia unaipiga pasi," mkewe alikuwa akimwambia. "Huko barabarani unakwenda kuposa?"

Jioni ya kuamkia mbio alimuuliza jambo jingine. "Na saa atashika nani?"

"Mwenyekiti. Kwa simu yake."

Mkewe akaguna, akaendelea kukamua shuka.

Mbio zilitakiwa kuanza saa moja asubuhi. Saa moja mgeni rasmi hayupo. Saa mbili hayupo. Wakimbiaji mia na ushei wakapasha miili moto mpaka ikapoa, wakapasha tena, wakachoka, wakakaa chini. Saa tatu na nusu gari likaingia, na kamati nzima ikalikimbilia. Hiyo ndiyo mara pekee watu wale saba walionekana wakikimbia. Mwenyekiti akahutubia dakika ishirini juu ya afya, ameegemea meza.

Pembeni ya hema Dobi alimwona mkewe amepakata saa ya ukutani, ile ya plastiki ya chumba cha pasi.

"Umeleta saa ya nini, mama?"

"Nimeileta itembee." Alifungua kiganja, akamwonyesha betri. "Nimeiweka saa sita kamili. Filimbi ikilia, naitia. Ikifika saa saba hujarudi, mzee, pitiliza nyumbani. Tusijuane hapa."

Filimbi ikalia.

Kilomita ya kwanza Dobi aliipoteza kwa kukwepa viwiko vya vijana waliotoka mbio kama wamekosa basi, na ya pili akaanza kuwaokota mmoja mmoja, wameshika viuno. Kila mgongo ulikuwa na picha. Aliukimbilia uso wa Mwenyekiti unaotabasamu, akaupita. Mbele ukamngoja uso uleule, na meno yaleyale, akaupita nao. Kamati ilimfanyia jambo moja la maana bila kujua. Kwenye mteremko goti lilianza kusema, akajitia hamnazo. Pumzi ilikuwa nzuri. Alijua kwa miguu yake kwamba leo ipo.

Kisha akaliona pipa.

Lilikuwa mbele ya gereji, na gereji iko mbali sana na kalavati. Katibu alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwavuli, akiwapungia watu wageuze.

"Geukia hapa, Dobi!"

"Mstari uko mbele." Alikuwa akikimbia papo kwa papo, asiruhusu miguu ipoe.

"Tumelisogeza. Mgeni rasmi ana shughuli nyingine, Mwenyekiti amesema watu wamalize akiwepo."

"Mmelisogeza kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kwani tatizo nini? Kilomita ni kilomita."

Dobi akamtazama mtu huyo, mwalimu mstaafu, aliyewafundisha hesabu watoto wa watu. Alitaka kumwambia kitu. Akaona hata tusi litapotea bure kwake, akalipita pipa.

"Dobi! We Dobi! Unapotea!"

Nyuma yake waliokuwa wakigeuza walicheka. Mmoja alimpigia mluzi. Mbele hakukuwa na mtu, hakukuwa na mgongo wala uso wa Mwenyekiti, ila barabara tupu na mbwa mmoja aliyenyanyua kichwa akaona si kitu, akalala tena. Aliwatukana wanakamati kwa majina yao yote na vyeo vyao, hadi kalavati. Mstari wa chokaa ulikuwepo, umefifia upande mmoja kwa matairi. Akaukanyaga kwa miguu yote miwili, mshahara wa alfajiri tatu, akageuka.

Matusi yalimwishia kilomita ya nane. Ilikuwa palepale inapomlegeza siku zote, na hasira, ambayo alidhani ni ghala lisiloisha, ikawa haina kitu. Hakuna wa kumpita. Hakuna wa kumchukia. Goti likawa linagonga kama mlango uliokosa kitasa, na moyo ukamwambia, tembea, nani anakuona? Akajikaza kisabuni. Akaanza kuhesabu. Hatua mia, kifungo kimoja. Hatua mia, kifungo cha pili. Akavihamisha kichwani, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kumwaza mtu yeyote.

Alipotokeza kwenye kona ya mwisho, hema lilikuwa linakunjwa. Utepe ulishakatwa na kugawanwa. Watu walikuwa wamesimama na vyeti mkononi, vyeti vilivyochapwa wiki iliyopita: kilomita kumi, kwa herufi za dhahabu. Mgeni rasmi alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari. Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti bado, maana kumnyang'anya kipaza sauti Mwenyekiti ni kazi ya polisi.

"Na yule pale, mzee wetu Dobi! Ndugu wananchi, amepotea njia aliyoipima mwenyewe! Mpigieni makofi ya huruma!"

Wakapiga. Wakacheka, wengine mpaka wakashikana mabega. Dobi hakuwatazama. Pale kwenye mstari wa kuanzia, ambao na wenyewe aliupiga kwa mkono wake, mkewe alikuwa amepiga magoti chini, saa imelala mapajani, kidole gumba kiko juu ya betri. Hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama miguu.

Kiatu kikagusa chokaa. Betri ikaruka.

Dobi akaanguka kando yake, mikono kwenye goti. "Ngapi?"

Mkewe alikuwa ameigeuza saa, ameikumbatia, uso wake kifuani. "Pumua kwanza."

"Mama, ngapi?"

"Nimesema pumua."

Jumatatu Mwenyekiti alileta traksuti mwenyewe. Alikuwa na furaha zake. Alisema watu wanazisifu sana zile mbio, alisema mwakani wataweka vibao ili wazee wasipotee, akacheka.

"Wekeni," Dobi alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa, anapuliza mkaa wa pasi.

Mwenyekiti akainua macho ukutani, aone kama amechelewa anakokwenda. "Saa saba kasoro dakika moja? Asubuhi yote hii? Dobi, saa yako imekufa. Itie betri."

"Betri ninayo."

"Basi itie."

"Thubutu," alisema mkewe kutoka kwenye beseni.

Mwenyekiti akawatazama wawili hao, akaona ni mambo ya watu wenye akili fupi, akaondoka. Dobi alitandaza traksuti mezani, akainyunyizia maji. Hakuinusa. Aliipiga pasi haraka, akaitundika, kisha akavuta kaptula yake, akaanza kuunyoosha mstari, polepole.

Mkewe akafuta mikono kwenye kanga, akapanda juu ya kiti. Kioo cha ile saa kilivunjika zamani, mishale iko wazi. Akachukua pembe ya kitambaa, akaanza kuifuta vumbi, amebana pumzi, kidole kimoja kikishikilia mshale mrefu usisogee.