Muzinga wa Bwana Kidonge

Kule Lusangi, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa na muzungu wa migodi tuliyemuita Bwana Kidonge. Alilaza bomba refu la chuma ndani ya hangari, na kazi yake ilikuwa kurusha kidonge kidogo kipige jiwe, mbio kupita risasi ya vita, aone jiwe linavyoumia. Jiwe lenyewe halikumukosea kitu.

Kapita Octave, musimamizi wetu wa kazi, alitueleza: baruti inasukuma chuma kizito, chuma kinabana hewa, hewa inarusha kidonge.

"Tumeelewa," akasema mudogo wangu Waridi. "Serikali inasukuma chefu, chefu anabana kapita, kapita anarusha bwana yangu."

Kwa maana Zuberi, bwana yake, alikuwa ametajwa kwenda kuchimba barabara ya Kabambare, na Waridi iko na mimba ya kufika siku zake. Basi Bwana Kidonge aliposema, "Nataka mutu anayejua muzinga," Zuberi akajitokeza mbio. Mutu wa muzungu hagusi barabara.

Muzungu, na Kiswahili chake cha kitabu, alitaka fundi wa mizinga ya vita. Sisi Lusangi muzinga ni nyumba ya nyuki.

"Bwana Mukubwa wa Kabambare atakuja kuutazama," akamuambia Zuberi. "Utengeneze vizuri." Kisha akaenda Kabambare kumupokea mugeni wake, mutawala wa serikali mwenye ile barabara.

Zuberi akalizunguka lile bomba, akawahurumia nyuki wa Ulaya. Akapaka nta mudomoni, akafukiza majani matamu, akaliacha wazi. Juma halijaisha, nyuki wenyeji wamehamia.

Bwana Mukubwa alifika, akainama kuchungulia ndani. Octave, kwa kujipendekeza, akagonga chuma na fimbo waone ugumu wake.

Bwana Kidonge alikuwa ametafuta mbio miaka yote. Siku ile aliziona: kofia nyeupe ilikuwa bado hewani, mwenye kofia ameshafika mutoni.

"Nani ametia nyuki?" akauliza Bwana Kidonge.

"Ni mimi, Bwana," Zuberi akajibu. "Muzinga bila nyuki ni gogo tu."

Fimbo alipigwa, tusidanganyane. Kisha Bwana Mukubwa akatoka majini, macho yamevimba, akamuonyeshea kidole Octave akizani ni Zuberi.

"Huyu wa nyuki nisimuone kwenye barabara yangu."

"Hata siku moja, Bwana?" Zuberi akauliza kwa huzuni.

"Hata moja."

Amri ya serikali haivunjwi. Waridi alipojifungua mutoto wa kike, bwana yake alikuwa nyumbani, amesimama kwa sababu kukaa kulimushinda, anatwanga sombe ya majani ya muhogo.