Kibisi Walioanguka Kwenye Lami

Dereva hakuwa mtu wa ndege. Kwake ndege walikuwa wa aina mbili tu, anayeliwa na asiyeliwa, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mama mkwe wake. Mama huyo, ambaye watu wote walimwita Mkunga, alikuwa amezalisha nusu ya mtaa wao kabla ya kustaafu, na hakuna aliyewahi kumwona akibabaika. Sasa gari la chama chake cha watazamaji ndege lilikuwa limeharibika, majira ya kuchipua yameanza, na ndege wako njiani kurudi kaskazini. Mkewe Dereva akamkalia kooni: basi lako dogo si limekaa bure? Angesema nini? Akawapakia wazee wa chama na darubini zao, wakashika njia ya mbuga ya ziwani kungali na giza.

"Hivi mama, hawa ndege wanahamahama kwa nini? Hawana kwao?" alitania njiani.

"Wana kwao kuwili, mwanangu. Wewe una kwako kumoja tu, na hata huko hatukuoni, kutwa uko barabarani."

Wazee wakaangua kicheko nyuma. Nje mvua ilikuwa imekatika, ukungu mzito umeshuka. Mlinzi wa mbuga akawafungulia geti, nao wakaingia kwenye uwanja mpana wa kuegeshea magari, lami mpya inameremeta chini ya taa ndefu zilizokuwa bado zinawaka.

Puu! Kitu kikatua juu ya paa.

Dereva alidhani ni tawi, lakini pale hapakuwa na mti hata mmoja. Puu tena, kwenye boneti. Akakanyaga breki, akashuka amefura. "Nani huyo anatupa mawe?"

Kitu kikampita sikioni na kutua miguuni pake kwa kishindo cha nguo mbichi iliyobwagwa sakafuni. Alikuwa ndege wa majini, mdogo kuliko bata, shingo nyembamba, jicho jekundu linamkodolea. Alijaribu kusimama akaangukia kifua. Akajaribu tena, akaanguka tena. Dereva akainua macho. Kutoka kwenye ukungu walikuwa wakishuka wengine, kundi kwa kundi, mbawa wazi, wakijipigiza kwenye lami. Uwanja mzima ulikuwa unafurukuta. Akageuka arudi garini, akaona bawa limechomoza chini ya gurudumu la mbele.

"Mama!" akaita, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni.

Mkunga akateremka. Akatazama, mkono mdomoni, kisha akaketi kwenye ngazi ya basi. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hapo ndipo Dereva alipoogopa hasa.

"Mama, sema kitu. Nifanye nini?"

"Kibisi," akanong'ona. "Lami imelowa, taa zinaimulika. Wamedhani ni ziwa. Hawa wakitua nchi kavu hawawezi kuruka tena, mpaka wapate maji." Akamshika mkono kwa nguvu. "Wengine bado wanakuja. Zima taa!"

Dereva akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha getini. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, chai inamwagikia viatu na hana habari.

"Zima taa!"

"Siruhusiwi, amri ya ofisi ni hadi kupambazuke..."

Kibisi mmoja akalipiga bati la kibanda juu ya vichwa vyao. Dereva akampita mlinzi, akaivuta swichi kubwa chini. Giza likatanda. Vishindo vikaendelea kidogo, vikapungua, kisha kutoka upande wa ziwa wakasikia chubwi, chubwi, chubwi. Hao wa nyuma walikuwa wameyaona maji yenyewe.

Aliporudi, Mkunga alikuwa ameshakunja mikono ya sweta. "Mbane mbawa mwilini, hivi. Mdomo wake uweke mbali na macho yako." Wao na wazee wa chama wakawabeba ndege kwa makoti, kwa makreti ya vinywaji, kwa vitambaa vya viti, wakiteremka hadi ukingoni na kupanda tena. Dereva alidonolewa mpaka vidole vikavuja damu. Wa kwanza aliyemweka majini alielea kama amekufa, kisha akazama. Dereva akakodoa macho mpaka kichwa kikaibuka mbali kule. "Nenda," akasikia anasema. "Nenda zako, nenda."

Waliokufa waliwalaza kando ya ukuta. Hawakuwa wachache. Ofisa wa mbuga alipofika, jua limeshatoka, aliwatazama, kisha akamwambia mlinzi taa zile zisiwashwe tena msimu mzima.

"Mama, hii hutokea mara kwa mara?" Dereva aliuliza wakiwa njiani kurudi.

"Naenda pale tangu nikiwa na mimba ya mkeo. Sijapata kuona."

Nyumbani mkewe aliwapokea kwa bashasha. "Enhe, leo umejua majina ya ndege wangapi?"

Dereva akavuta kiti, akaketi, manyoya ya ndege yamemnasa nyweleni, vidole vyenye damu juu ya meza.

"Mama, mmemfanya nini mume wangu?"

"Mwache kwanza," Mkunga akasema, akijishikilia kwenye fremu ya mlango. "Hata mimi bado sijakaa sawa."