Suti ya Karatasi ya Kam-shing

Lo Yuk-lan alipita uwanja wa hekalu kununua mikate ya amani, ile ya mvuke yenye mhuri mwekundu, akaliona jina la mwanawe kifuani mwa suti ya karatasi, nguo wanazochomewa wafu ziwafikie huko waliko. Suti ilikuwa kwenye lundo la miguuni pa Mfalme wa Mizimu, sanamu ya karatasi ndefu kama nyumba, lundo la wasio na mwenyewe: waliokufa maji, waliokufa njaa, wote ambao hakuna nyumba inayowachomea hata ubani. Kweli, kisiwa kizima hakigusi nyama siku hizi za sikukuu kwa heshima yao, na chakula wanapewa. Lakini wanapewa kama ombaomba wa mlangoni. Kam-shing, mtu mwenye mama, kawekwa humo.

Damu ilimchemka. Hakuwa na haja ya kuuliza, mwandiko aliujua.

Fung Mei-kuen, jirani yake wa ukuta mmoja, muuza samaki, alikuwa kibandani anakaanga tofu kwa ajili ya mfungo.

"Kuen, nani kakutuma?"

"Kaa kwanza unywe chai, Mama Shing."

"Chai yako sitaki. Nani kakutuma umfanye mwanangu mzimu wa kuokota makombo? Mimi nimekufa? Hana kwao?"

"Anako."

"Basi koma. Ukiwashwa na mikono, kamchomee mumeo."

"Mume wangu namchomea kila mwaka kaburini." Mei-kuen aligeuza tofu. "Shing unamchomea wapi?"

"Shing hajafa. Maiti yake umeiona?"

"Sijaiona, wala wewe hujaiona. Miaka sita, dada. Boti ilipatikana, wenzake wamezikwa. Wewe unafagia chumba, unaanika godoro, kibao cha jina wanachowekewa wafu nyumbani hutaki kumwekea. Kama ni mzima, na aje anitukane mwenyewe. Kama si mzima, kila sikukuu anasimama pale na wasio na kwao, tena uchi. Nimeshindwa kuvumilia. Nimemnunulia nguo."

Yuk-lan alimwita mchawi, na hakuwa anatania. Akarudi uwanjani mbio, akaivuta suti kutoka kwenye lundo.

Mzee Tse, mlinzi wa lundo, akamshika mkono. "Ikishaandikwa jina haitupwi, mama. Ama ichomwe hapa na za wengine, ama ikachomwe kwao. Huyu ana kwao?"

Alitaka kumjibu vibaya. Alimchukia mzee huyo, akamchukia Kuen, akalichukia lile jitu la karatasi lililomtolea macho. Zaidi ya wote alimchukia Shing, mtoto asiye na adabu, aliyekwenda baharini asubuhi ile bila hata kuaga.

"Ni wangu," alisema. "Anako kwao."

Aliibeba kifuani, akapasua umati wa wageni waliokuja kupiga picha, na aliyemkanyaga alikanyagwa naye. Nyumbani viatu vya Shing vilikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Akaleta debe, akaleta ubani, akaikunjua suti kuinyoosha.

Ilikuwa ndogo. Ingembana kifuani, na mikono isingefika.

"Hata kipimo hakijui, mjinga yule," alisema kwa hasira. "Mwanangu alikuwa na mabega."

Alilisikia lile "alikuwa" likimtoka. Hakulirudisha. Akachukua mkasi, akaipasua suti mgongoni ili imtoshe, kisha akawasha kiberiti.