Muungurumo wa Ng'ambo

Asubuhi ile Nasra alianika makopa ya muhogo juu ya boneti ya gari jipya, kwa sababu bati lake lilikuwa safi na lilishika joto mapema. Gari lilikuwa limekaa kando ya mkorosho tangu siku lilipovushwa mto Ruvuma kuletwa kijijini Kitaya. Viti vyake vilikuwa bado na nailoni za kiwandani. Hashimu, mumewe, aliingia, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka na mshale wa mafuta ukapanda. Gari halikutikisika wala halikutoa sauti. Hata kopa moja halikusogea.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, watu waliokuwa wakipalilia mihogo walisikia injini ikiunguruma pale gari lilipoegeshwa kabla ya kupandishwa kwenye pantoni. Gari halikuwepo; palikuwa na majani yaliyolala tu, na muungurumo juu yake.

Elisha, mwendesha pantoni aliyekulia jirani na kwao Nasra, alipita jioni kutoa taarifa.

"Shemeji, unaliwasha halafu unakwenda shamba," alisema. "Zima. Unamaliza mafuta."

Hashimu alikwenda kutazama. Mshale ulikuwa umeshuka kweli. Akazima, na ng'ambo kukanyamaza.

Gari hilo alilinunua Pemba ya Msumbiji, alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi. Hakutaka la mtumba, alisema gari la mtumba lina magonjwa ya watu. Mimba ya kwanza ya Nasra ilikuwa imeharibika njiani, juu ya pikipiki, kabla hawajafika kijiji cha Ziwani kwenye njia ya hospitali, na Nasra alikaa barabarani na kanga yake mpaka jua likapanda. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na tumbo lilikwisha kushuka. Hashimu alitaka safari hii mke wake afike hospitali ya mjini akiwa amekaa kwenye kiti.

Bi Asha, mama yake Hashimu, aliujua ugonjwa wa gari siku ya kwanza. Kwao, mtoto akivushwa mto kwa mara ya kwanza, mtu mzima husimama ukingoni akayageukia maji na kumwita kwa jina, ili kilichobaki nyuma nacho kivuke. Asipoitwa, nusu yake hukaa ng'ambo. Hashimu mwenyewe aliitwa alipokuwa mdogo. Gari halikuitwa. Lilishuka kwenye pantoni watu wakalipigia makofi, wakaenda kula wali.

"Lipe jina, niliite," Bi Asha alisema.

Lakini Hashimu alikuwa na waranti, na aliiamini. Alikwenda kwanza Mtwara mjini kwa wakala wa magari yale. Dada wa mapokezi, Samreen, alimkaribisha vizuri, akatafuta kwenye kompyuta, akamweleza kwamba gari limenunuliwa ng'ambo na waranti inafanya kazi ng'ambo. Basi Hashimu akakodi trekta, akalivuta gari mpaka pantoni, akalivusha. Katikati ya mto gari lilikohoa likawaka. Aliliendesha mpaka Pemba bila tatizo. Mafundi wa huko waliisikiliza injini, wakafuta mikono, wakamwambia gari ni zima na hawawezi kutengeneza gari zima. Aliporudi, katikati ya mto, likanyamaza.

Akarudi kwa Samreen. Safari hii alimweleza na maneno ya mama yake. Samreen alisikiliza bila kumkatiza, maana bibi yake wa Mikindani naye alikuwa akiwaita watoto waliotoka safari.

"Kuita ni matengenezo, kaka," alisema. "Akiliita mtu asiyeidhinishwa, waranti inakufa."

"Aliyeidhinishwa yuko wapi?"

"Pemba."

"Basi aje aliite."

"Akivuka kuja huku, hajaidhinishwa tena."

Samreen alimpa pole, na kalenda yenye picha ya gari lilelile likipanda mlima.

Uchungu ulimshika Nasra mchana, maji yakiwa yanajaa mtoni na pantoni inaweza kuvuka. Gari pekee la kukodi pale kijijini lilikuwa limepeleka watu msibani Msimbati. Kijana wa bodaboda alikuja akasimama uani, lakini Nasra alipoiona pikipiki aligeuza uso.

"Hiyo sipandi," alisema.

Hapo ndipo ikaamuliwa wavuke, kwa kuwa ng'ambo gari lilikuwa na uhai na zahanati ilikuwepo. Walimlaza Nasra kiti cha nyuma, juu ya nailoni, Bi Asha akakaa miguuni pake. Trekta likavuta. Hashimu alishika usukani wa gari lisilowaka, akienda alikopelekwa, akiipa mgongo barabara ya hospitali aliyolinunulia gari.

Elisha aliondoa pantoni taratibu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na mwanga ulikuwa umelala juu yake. Viboko wawili walitazama, wakazama. Katikati ya mto injini ilishtuka ikawaka, na katika mshtuko huohuo mtoto akatoka. Bi Asha alimpokea kwa kanga. Alikuwa wa kike, mzima, na alilia kwa sauti kubwa kuliko injini.

Nesi wa ng'ambo aliwatazama mama na mtoto, akaridhika. Kesho yake, maji yalipojaa, walirudi. Katikati ya mto gari lilinyamaza, na mtoto naye akanyamaza. Alifungua kinywa, machozi yakamtoka, miguu ikarusha kanga, lakini kilio hakikutoka. Kilibaki nyuma, juu ya maji, kikielekea kule walikotoka.

Bi Asha hakuweza kumwita, kwa sababu mtoto hapewi jina kabla ya siku ya saba. Ikabidi wangoje. Siku zile Nasra alimnyonyesha mwanawe kwa simu. Wanawake wa ng'ambo walipokisikia kilio kikipita kwenye mihogo yao, walipiga. "Mama, mtoto ana njaa," walisema, wakakata. Wakati mwingine walisema ni tumbo, na walikuwa sahihi.

Siku ya saba alinyolewa, akapewa jina la Nuru. Bi Asha alikwenda naye ukingoni, akayageukia maji.

"Nuru binti Hashimu," aliita. "Kwenu ni huku. Njoo."

Kilio kilivuka polepole, kikipita chini karibu na maji kama ndege aliyechoka. Kikaingia. Nuru akapiga chafya, kisha akalia, na Nasra akakaa chini kwenye mchanga akamsikiliza muda mrefu kabla ya kumpa ziwa.

"Mama, liite na gari," Nasra alimwambia Bi Asha baadaye.

Bi Asha alimgeukia mwanawe, akamuuliza jina la gari. Hashimu alitazama maji. Alisema wasiliguse kwanza, waranti bado ina muda, na Samreen ametuma ujumbe kwamba ombi lake la matengenezo linashughulikiwa.

"Huyu hana waranti," Bi Asha alisema, akimfunika Nuru. "Ndiyo maana amerudi."

Mvua zilikuja zikapita, mikorosho ikatoa maua. Nasra aliendelea kuanika makopa kwenye boneti, na Nuru akajifunza kusimama akishika bampa. Siku moja Halima, mke wa jirani, alishikwa na uchungu. Alipita mbele ya nyumba yao juu ya pikipiki, kati ya dereva na dada yake, macho ameyafumba, njia ya Ziwani.

Hashimu alipomwona aliacha jembe, akakimbilia gari, akazungusha ufunguo. Ng'ambo ya mto waliisikia injini ikiitikia mara moja, kwa nguvu zote, kama gari jipya.