Anayeita Chini ya Udongo

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilirudi kutoka kanisani nimevimba kwa hasira. Mzee Mwaisumo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa ametangaza kwamba alfajiri tutakwenda kuimba makaburini kama ilivyo desturi yetu, ila msafara utaishia ndani ya uzio. Kaburi la mke wangu Tusekile liko nje ya uzio. Alikufa akiwa ametengwa na kanisa kwa kosa la kupika pombe ya komoni, na kati ya wazee waliomtenga, wawili walikuwa wakiinywa komoni hiyohiyo uani kwangu na kufuta midomo kwa kiganja. Mchungaji hakuja kumzika, kengele haikupigwa. Nikamuuliza mzee, "Siku ya ufufuo naye atafufuka, au atasubiri kibali chenu?" Akanijibu mbele za watu, "Ambakisye, mambo ya ufufuo tuachie sisi tuliosoma." Watu wakacheka. Nikaapa kwamba sitapiga goti tena katika ibada yoyote. Nikajitupa kitandani jua halijazama, viatu miguuni, na usingizi ukanimeza na hasira zangu.

Nikajiona katika nchi isiyo na jua wala nyota, mwanga wake kama wa jikoni kuni mbichi zinapokataa kuwaka. Ardhi ilikuwa nyeusi na laini, na kila nilipokanyaga iliinuka tena polepole nyuma yangu kama kifua cha mtu anayepumua. Kando yangu alitembea mtu mwembamba, amenishika mkono mpaka vidole vinauma. "Wewe nani?" nikamuuliza. "Hunijui? Mimi Uchungu. Tangu msiba, nani anakula nawe? Nani analala nawe? Wenzako wote walirudi makwao matanga yalipokwisha." Ilikuwa kweli. Nikamwacha aniongoze.

Tukafika uwanjani, umati wenye kanzu nyeupe ukiimba mbele ya jiwe kubwa kama nyumba, limepakwa chokaa na kuvikwa mashada ya maua. Kila walipomaliza ubeti, kitu kiligonga kutoka chini ya ardhi, ngo, ngo, ngo. Hapo bwana mmoja mnene aliyeketi juu ya jiwe, aitwaye Cheo, aliruka akafoka, "Pazeni sauti! Nani kawaambia mpumzike?" Na mkewe, Bibi Desturi, alipita kati ya watu akiwaziba watoto masikio kwa pamba. Nikamgeukia mama mmoja aliyekuwa akitiririka jasho. "Mama, mnaimba nini?" "Ufufuo, baba." "Na huko chini kunagonga nini?" Akanitazama kwa hofu. "Usiulize, baba. Wakitoka, sisi tutakaa wapi?"

Uchungu akacheka. "Si nilikwambia? Waongo watupu! Twende zetu." Lakini mimi nilimtaka mke wangu. Nikaita, "Tusekile! Tusekile!" mpaka koo likakauka, na nyimbo zikanifunika. Ndipo akaja mwanamke aliyejaa udongo mpaka viwikoni, kana kwamba kutwa nzima alikuwa akichimba kwa mikono. "Mimi Tumaini," akasema. "Mkeo unamtafuta kwa mdomo. Mtafute kwa sikio. Inama."

"Siinami. Nimeapa."

"Uliapa kutowainamia wao. Nani kakuomba uwainamie wao? Ibada, baba, ni kuinama mpaka umsikie anayeita. Hawa wanaimba wasije wakamsikia."

Uchungu akanikamata kwa mikono miwili. "Usithubutu! Mwaisumo atasema amekushinda! Na ukimpata mkeo, mimi nitakaa wapi?" Nikashtuka. Yalikuwa maneno yaleyale ya yule mama, na hofu ileile. Nikamtazama Cheo juu ya jiwe, nikamtazama huyu aliyenishika, nikaona pua moja, paji moja, kama watoto wa tumbo moja. Nikajing'oa mikononi mwake. Nikapiga magoti, nikalaza sikio kwenye udongo.

Nikasikia hatua za mtu akitembea chini kule, akichechemea kidogo, kama mwenye majeraha nyayoni. Alikuwa akiita majina taratibu, kama baba anayeamsha watu wa nyumba yake. Hakuuliza nani alitengwa. "Tusekile, inuka." Nikamsikia mke wangu akikohoa, halafu akicheka. Kisha hatua zikaja mpaka chini ya sikio langu, zikasimama. "Ambakisye, na wewe." Hapo ndipo nilipoona kwamba udongo haukuwa chini yangu, ulikuwa juu yangu, mzito, umeniingia mpaka mdomoni, na wale waimbaji walikuwa wamesimama mgongoni pangu. Jiwe likapasuka. Cheo akalia kama mbuzi. Nikaamka ninatweta.

Nje tarumbeta za msafara wa alfajiri zilikuwa zinalia. Nikakaa kitandani nikaelewa, kwa akili yangu hii ya darasa la nne: Kristo hakutoka kaburini ili wakubwa wapate mlango wa kulinda. Alishuka hadi walikotupwa watu, na huko hakuna uzio. Kumbe nilikuwa nikimlilia Tusekile aliyekwisha kuitwa, na aliyezikwa ni mimi. Wazee wale sijawasamehe, nasema kweli. Lakini nilitoka, nikaupita msafara wao na nyimbo zao, nikaenda kupiga magoti kwenye udongo wa mke wangu, nikaimba Bwana amefufuka, kwa sauti ndogo tu, nisije nikaifunika ya yule anayeita.