Marehemu Hajashiba

Katika mchezo wa Valère, marehemu alikuwa amekataa kufa kwa siku nne.

Valère aliutengeneza mwaka mzima kwenye kompyuta kuukuu, akijifundisha mwenyewe. Ulimhusu baba yake, Papa Bonaventure, fundi wa reli hapo Kalemie. Mchezaji humtunza mgonjwa, humpikia, na mwisho hubonyeza neno KWAHERI. Valère alitaka mama yake, Mama Philomène, afike hapo kabla ya Jumamosi, siku ya kuanua matanga, mwaka mmoja baada ya kifo cha mumewe. Tangu mazishi mama huyo hakuwa amelia wala kucheka, na kila mchana alimpakulia marehemu sahani yake.

Lakini mama aligundua kwamba mgonjwa hafi akiwa na chakula mbele yake. Basi akawa anapika ugali tu: bukari na samaki wadogo wa ndagala, bukari na majani ya sombe.

"Mama, bonyeza kwaheri."

"Hajashiba."

"Amekula sahani mia mbili na kumi na sita."

"Baba yako alikataa bukari siku gani? Alikuwa analalamikaka chumvi, kisha anamaliza."

Hilo lilikuwa kweli. Valère angeweza kuifuta sufuria kwa kubadili mstari mmoja tu wa programu. Akanyoosha kidole, akakirudisha. Mtu hamnyang'anyi mama yake mwiko.

Akaenda kwa Papa Prospère, mtani wa ukoo wao. Mzee akautazama mchezo, akauliza, "Mutani iko wapi humu?"

Siku ya mazishi Prospère alivaa koti la reli la marehemu, akachechemea kama yeye, akazuia jeneza mpaka apewe bia. Ndiyo kazi ya mtani. Valère, kwa uchungu, alimvua koti mbele za watu akamfukuza.

"Ulinifukuza kazini," Prospère alisema. "Na nilikuwa sijafika hata kwenye kuiga mikoromo yake."

"Nisamehe, Papa."

"Niweke humo. Nitamusaidia kula."

Siku mbili Prospère alichechemea uani huku Valère akichora. Ijumaa mchana wakampelekea mama mchezo, naye akapakua sahani ya mia mbili na kumi na saba. Mlango wa chumba cha mgonjwa ukafunguka. Mtani akaingia amevaa koti refu la reli, akaketi kitandani, akaila bukari yote, akaramba vidole, akasema: "Chumvi imepungua."

Mama Philomène akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Huyu mujinga. Njo vile kabisa baba yako alikuwa." Kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alipomaliza, akajipangusa uso, akabonyeza KWAHERI.

Sahani ya kweli ilikuwa bado mezani, imefunikwa. Akamsogezea Prospère. Mtani akaonja, akakunja uso.

"Mama," akasema, "hii nayo chumvi imepungua."

Valère akaenda chumbani kulileta lile koti.